Ngazi za maghala ya kale zafichua jinsi Venice ilivyodidimia

KWA mfanyabiashara, ghala likiingia maji, mtaji umekwenda. Wafanyabiashara wa zamani wa Venice, Italia, waliishi ghorofani na kuweka mali chini, mlango ukitazama mfereji. Mashua zilitia nanga kwenye ngazi za mawe, mizigo ikapandishwa moja kwa moja.

Leo ngazi nyingi za chini zimezama na kuota mwani. Hapo ndipo watafiti walipopata kipimo.

Mwani huota ukutani hadi pale maji yanapofika kwa kawaida, ukaacha mstari wa kijani. Katika karne ya 18, mchoraji Canaletto aliyachora majumba hayo kwa usahihi mkubwa, akisemekana kusaidiwa na kisanduku chenye lenzi, na mstari huo hakuuacha. Mtafiti Dario Camuffo na mwenzake walilinganisha michoro na kuta zenyewe. Mwaka 2003 walieleza kuwa mstari umepanda takriban sentimita 60. Baadaye hata ngazi zilizozama zilipimwa.

Je, bahari imepanda au ardhi imeshuka? Ukuta peke yake hausemi. Ndiyo maana vipimo vya maji vya Venice hulinganishwa na vya Trieste, bandari jirani yenye ardhi thabiti zaidi. Kile ambacho Venice imezidi huonyesha ardhi iliyoshuka. Jibu ni kwamba yote mawili yametokea.

Matope yaliyobeba mji hujishindilia yenyewe, lakini binadamu naye alichangia. Katikati ya karne ya 20, viwanda vya Porto Marghera vilivuta maji mengi kutoka chini ya ardhi. Uvutaji ulipodhibitiwa miaka ya 1970, kasi ya kudidimia ilipungua, ila sehemu kubwa ya kimo kilichopotea haikurudi.

Gharama ilionekana Novemba 12, 2019, maji yalipofikia sentimita 187 na kuingia madukani. Tangu Oktoba 2020, mji hukingwa na milango ya chuma inayoinuliwa baharini, mradi uliogharimu mabilioni ya euro.

Nasi mali zetu hupitia Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, miji yenye kuta za kale zinazotazama bahari. Unayekodi ghala karibu na maji, piga picha ya alama ya maji ukutani wakati wa bamvua, uandike tarehe na saa. Mwakani rudia, bamvua kama hiyo. Ukuta haugharimu kitu kuutazama. Shehena iliyolowa hugharimu.