Chumba Kimoja, Kazi Nyingi

[Muziki wa kipindi, kisha unapungua]

MTANGAZAJI 1: Leo tunaanzia Kanombe, Kigali, karibu na uwanja wa ndege. Kuna nyumba pale iliyokuwa makazi ya rais. Tangu 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Kuta ni zilezile, kazi ni nyingine.

MTANGAZAJI 2: Sasa dada, sisi wa kambini inatuhusu vipi?

MTANGAZAJI 1: Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Shida ni mahali. Fundi cherehani peke yake hawezi kodi ya chumba, wala kijana mwenye kompyuta. Wakiungana, wanaweza. Nao wasianze na matofali. Watafute chumba kisichotumika muda wote: ukumbi wa kanisa siku za kazi, au darasa baada ya masomo. Kwanza waombe ruhusa kwa mwenye jengo na kwa uongozi wa kambi.

MTANGAZAJI 2: Watakaaje humo, kila mtu na kazi yake?

MTANGAZAJI 1: Kwa ratiba, na kwa vitu vinavyohamishika. Meza za kukunja, mabenchi mepesi, na kila mtu sanduku lake lenye kufuli. Asubuhi cherehani, mchana kompyuta, jioni kikundi cha akiba. Meza zikae karibu na dirisha, taa ziwashwe giza likiingia.

MTANGAZAJI 2: Na umeme, nani analipa?

MTANGAZAJI 1: Hapo ndipo watu hugombana, kaka. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa 1 mfululizo hula uniti 1. Kompyuta ya wati 50 hutumia uniti hiyo kwa saa 20. Mkichanga sawasawa, mwenye kompyuta anamlipia mwenye pasi, na mwishowe ataondoka. Basi mwenye pasi aongeze, au atumie pasi ya mkaa. Mkaa uwashwe nje. Moshi wake ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo tukubaliane mapema.

MTANGAZAJI 1: Kabla ya kufungua mlango. Andikeni mambo 3: nani anashika ufunguo, nani anachanga kiasi gani, na kitu kikipotea nani anafidia. Daftari lisomwe mbele ya wote kila wiki.

MTANGAZAJI 2: Msikilizaji, jadili na jirani yako: ni chumba gani hapo kwenu hufungwa mchana kutwa?

[Muziki]