Samani za Urasimi Mpya: Kutoka Pompeii hadi Unguja

Wanafunzi wengi wakiona neno "samani" katika swali la historia hudhani wameulizwa habari za useremala. Sivyo. Kiti, kitanda na kabati ni ushahidi wa kihistoria kama ilivyo barua, sarafu au gofu la msikiti. Unachotakiwa kujiuliza ni hiki: umbo hili lilitoka wapi, na mwenye mali aliyelitaka alitaka kufanana na nani?

Urasimi mpya, ambao vitabu vingine huuita nioklasiki, ulianza Ulaya katikati ya karne ya 18. Kabla yake matajiri wa Ufaransa walipenda mtindo wa rokoko. Miguu ya kiti ilipindapinda, na maua na makombe ya baharini yalichongwa kila palipokuwa na nafasi. Kisha Italia wakaanza kufukua miji miwili ya Kirumi iliyofunikwa na mlipuko wa mlima Vesuvius mwaka 79 B.K. Herculaneum ilianza kufukuliwa mwaka 1738, na Pompeii mwaka 1748. Chini ya majivu zilikutwa nyumba zenye picha ukutani pamoja na vyombo na samani za watu wa kale. Wasanifu wa majengo walikwenda Italia kujionea mabaki ya Kirumi. Mmoja wao alikuwa Robert Adam wa Uskoti, ambaye aliporudi Uingereza alibuni nyumba pamoja na samani za kuwekwa ndani yake.

Utautambuaje mtindo huu? Anza na miguu. Mguu wa samani ya urasimi mpya umenyooka, mnene juu na mwembamba chini, na mara nyingi umechimbwa mistari ya kwenda chini kama nguzo ya hekalu la Kigiriki. Ukishauona mguu, tazama mizani: ukikigawa kiti katikati, nusu ya kulia inalingana na ya kushoto. Mapambo ni machache nayo yametoka kwa Wagiriki na Warumi, kwa mfano mashada ya majani, mitungi na vichwa vya kondoo. Mbao iliyopendwa sana Uingereza ilikuwa mahogani, ambayo ni ya jamii moja na mkangazi wetu.

Sasa kuenea kwake. Hapa ndipo jibu zuri linapojitenga na jibu la kukariri. Mtindo huu haukuenea kwa sababu ya wafalme peke yao. Ulienea kwa vitabu vya michoro. Kitabu cha George Hepplewhite kilichapishwa mwaka 1788, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, na cha Thomas Sheraton kilianza kutoka mwaka 1791. Fundi aliyekuwa na kitabu hicho angeweza kutengeneza kiti cha London bila kufika London. Ni kama leo mteja anapomwonyesha fundi picha ya kochi kwenye simu na kumwambia, "Nitengenezee kama hili."

Ufaransa ilikwenda mbele zaidi baada ya Napoleon kujitangaza mfalme mkuu mwaka 1804. Samani zikawa nzito, zenye makucha ya simba na vipambo vya shaba vilivyopakwa dhahabu. Usisahau jambo hili, maana watahiniwa huliacha: jeshi la Napoleon liliivamia Misri mwaka 1798, na baada ya hapo sanamu za sfinksi na maua ya yungiyungi ya Misri yakaonekana kwenye viti na meza za Paris. Kwa hiyo Afrika nayo ilichangia mtindo huu.

Je, ulifika kwetu? Ulifika, lakini kwa kuzunguka. Njia ya kwanza ilikuwa India. Chini ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, mafundi wa Kihindi walichonga samani za mitindo ya Kiingereza kwa mbao zao ngumu, na India ndiyo iliyokuwa ikifanya biashara kubwa na Unguja. Njia ya pili ilikuwa Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli. Unaukumbuka mji huo kwa sababu ya meli zake zilizoleta kitambaa cha merikani. Salem huohuo ulikuwa na mafundi hodari wa samani za urasimi mpya, na mchongaji wake mashuhuri, Samuel McIntire, alifariki mwaka 1811.

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 anaeleza vyumba vya jumba la kifalme: vitanda vya kuchongwa vilivyoinuka sana kutoka sakafuni, vioo, saa, na vyombo vya kaure vilivyopangwa ndani ya ukuta. Soma maelezo hayo kwa makini. Vitu vilitoka nje, lakini mpangilio ulikuwa wa pwani. Kaure iliwekwa kwenye zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani vilivyopo pia katika nyumba za Lamu. Kwa hiyo kuandika kwamba "watu wa pwani waliiga wageni" ni uvivu. Walichagua, wakapanga kwa adabu yao.

Tahadhari moja kuhusu kiti cha enzi. Hiki ni kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu, kilichopambwa kwa vipande vya pembe za ndovu au mifupa na kufumwa kwa kamba, nacho waungwana wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja walimkalishia mgeni wa heshima. Kimenyooka na pande zake zinalingana, basi wengine hukiita cha urasimi mpya. Wanakosea. Hakina miguu ya nguzo wala pambo la Kigiriki, na wataalamu wanaojadili asili yake hutaja Misri ya Wamamluki, Wareno na India. Kunyooka peke yake si ushahidi.

Hapa Namasakata ninakofundisha, ukipita kwa mafundi utaona vitanda vya mninga vyenye miguu iliyokerezwa, mipana juu na myembamba chini, yenye pete shingoni. Fundi atakuambia ndivyo alivyofundishwa. Huko nyuma kuna karakana za misheni, kama zile za Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 na kufundisha useremala, na nyuma ya hao kuna Ulaya ya karne ya 18 na 19. Kitazame kitanda chako leo jioni.

Swali la kujipima: "Samani ni ushahidi wa mahusiano ya kibiashara." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano ya Unguja ya karne ya 19. (Alama 15)

Katika kujibu, usianze na Napoleon. Anza na bandari ya Unguja, taja India na Salem, kisha ndipo ueleze umbo la samani. Kiti cha enzi kitumie kama hoja ya kupima mipaka ya kauli, si kama mfano wa urasimi mpya.