Mgonjwa wa moyo, umeacha kufanya nini siku hizi?

Mgonjwa wa moyo anapofikishwa hospitali usiku akihema kwa taabu, waliomleta aghalabu husema hali imebadilika ghafla, kwani jana alikula na kuzungumza vizuri. Mizani husimulia mengine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa uzito wa wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi ulianza kupanda angalau wiki moja kabla ya kulazwa. Dalili ilikuwapo, ila haikutambuliwa.

Maji yanakotoka

Moyo uliodhoofika hausukumi damu ya kutosha. Figo zikipata damu kidogo, hufanya kazi kana kwamba mwili umekaukiwa: huzuia chumvi na maji yasitoke kwenye mkojo. Maji hayo hurundikana ndani ya mishipa, shinikizo hupanda, kisha huvujia miguuni, tumboni na hatimaye mapafuni. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mtu anaweza kubeba lita kadhaa za ziada kabla vifundo vya miguu havijavimba.

Kwa nini mwenye mwili hajui? Taarifa za moyo na mapafu huufikia ubongo kupitia neva, ikiwamo ile ya vagasi, na sehemu ya ubongo iitwayo insula huzikusanya. Lakini taarifa hizi hazina ukali wa jeraha la ngozi, na zinapobadilika polepole, ubongo huzizoea. Umri nao huzififisha. Barbara Riegel, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, pamoja na wenzake waliwatembeza wagonjwa kwa dakika sita, wakalinganisha walivyoieleza pumzi yao na jinsi wauguzi walivyoiona. Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2010, wazee ndio waliopishana zaidi na wauguzi.

Mazoea yanavyoficha ugonjwa

Kuna jambo jingine linaloficha ugonjwa kuliko neva: mgonjwa hubadilisha maisha yake bila kujua. Aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe sasa anamtuma mtoto. Njiani anasimama kila mara, eti anasalimia majirani. Usiku anahamia kwenye kochi kwa sababu “kitanda kina joto”. Daktari akimuuliza kama anaishiwa pumzi, anajibu hapana, na hasemi uongo, kwani ameshaacha kila kinachomfanya aheme. Ndiyo maana afadhali kumuuliza: mwezi uliopita ulikuwa unafanya nini ambacho sasa hufanyi?

Wengine husingizia uzee. Lakini utafiti wa mwaka 2012 uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na presha ndiyo iliyoongoza kwa kuharibu mioyo yao. Mtu wa miaka 52 akichoka kwa kutandika kitanda, huo si uzee.

Dalili za kuangalia nyumbani

Hesabu mito. Aliyezoea kulalia mmoja akianza kuhitaji miwili au mitatu, maji yanaelekea mapafuni. Vivyo hivyo kwa anayeshtuka usingizini akitafuta hewa dirishani, au anayekohoa kila akilala chali. Mwaka 2014 madaktari wa Dallas, Marekani, walieleza dalili nyingine: kuishiwa pumzi ndani ya sekunde 30 za kuinama, kama wakati wa kufunga viatu.

Tumbo nalo husema. Kushiba kwa matonge machache na kujaa tumbo hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, kumbe ini na utumbo vimejaa maji. Bonyeza mguu kwa kidole juu kidogo ya kifundo. Shimo likibaki, kuna maji. Kwa mgonjwa wa kitandani, kagua kiunoni kwa nyuma.

Mizani na daftari

Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, ukiwa na nguo za uzito uleule, kwa mizani ileile, kisha andika. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, wasiliana na kliniki yako hata kama unajisikia mzima. Mizani nayo ina udhaifu wake: mgonjwa asiyekula vizuri hupungua nyama huku akiongezeka maji, na namba ikabaki palepale. Kwa hiyo andika pia idadi ya mito na umbali uliotembea bila kusimama. Asiye na mizani aanze na hayo mawili.

Uzito ukipanda, kumbuka ulichotumia karibuni. Chumvi nyingi hushikilia maji. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hufanya hivyohivyo, na wengi huzinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo au magoti bila kusema kuwa wana ugonjwa wa moyo.

Kuna dalili zisizongoja kliniki: kuhema ukiwa umekaa tu, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, kuzimia, maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa. Hapo ni kwenda hospitali mara moja.

Katika miadi ijayo, usitoke bila majibu ya maswali matatu, yakiwa yameandikwa: Uzito wangu ni upi nikiwa sina maji ya ziada? Ukipanda, nimpigie nani? Naruhusiwa kuongeza dawa ya kukojoa mwenyewe, na kwa kiasi gani? Bila ruhusa hiyo usiiongeze, kwani ikizidi hukausha mwili na kuziumiza figo. Majibu hayo yasomwe pia na anayeishi nawe, maana yeye huenda akagundua kabla yako kwamba huendi tena sokoni.