Kulaza Pikipiki Wakati wa Baridi Kali

Mji wa Winnipeg, katika Kanada, hufunikwa na theluji tangu Novemba hata Machi, na pikipiki nyingi hulazwa mpaka baridi iishe. Twapenda kueleza kazi hiyo, kwani chombo kilichoachwa hivi hivi huharibika ingawa hakitumiki.

Kwanza hubadilishwa mafuta ya injini, maana mafuta yaliyotumika yana maji na asidi, navyo hula chuma polepole. Tangi hujazwa petroli pomoni, pamoja na dawa ya kuizuia isiharibike. Penye nafasi ndipo unyevu hutua na kutu huanza.

Lakini jambo kubwa ni betri. Iliyojaa umeme haigandi hata baridi ikifika digrii 40 chini ya sifuri. Iliyoishiwa umeme, asidi yake hukaribia kuwa maji matupu. Hiyo huganda upesi, na barafu ikitanuka hupasua sanduku lake. Kwa hiyo betri hufunguliwa, hutiwa umeme, na kutazamwa kila mwezi.

Wako wawashao injini dakika mbili tatu kila juma, wakidhani wanaitunza. Sisi twaona heri kuiacha, kwa kuwa moto wa muda mfupi haukaushi maji yanayotokea ndani ya bomba la moshi. Bomba lenyewe huzibwa kwa kitambaa, panya wasifanye makao humo. Nacho kitolewe kabla injini haijawashwa tena.