Kuomba fedha za wafadhili kwa ajili ya watoto: Wengi hukosea wapi?

Jumamosi moja mwaka huu vijana watatu waliingia katika kliniki yangu katikati ya jiji la Nairobi. Nilidhani ni wagonjwa. Kumbe walikuwa wametoka Kawangware kwa matatu nambari 46 na hakuna aliyekuwa akiumwa. Walichobeba ni faili nene ya kijani.

"Daktari, tumekataliwa mara mbili," akasema katibu wao, msichana wa miaka 23. "Tunaomba utusomee, utuambie ubaya uko wapi."

Kikundi chao hukutana kila Jumamosi na watoto 40 wa kati ya miaka 10 na 19 wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Huwakumbusha kumeza dawa, huwasindikiza kliniki, huwapikia uji na kuwasikiliza. Kazi hiyo si ndogo. Mtoto aliyezaliwa na virusi mara nyingi huchoka na vidonge afikapo miaka 14 au 15. Huvitupa chooni au huvificha chini ya godoro, hasa akiwa shule ya bweni au akiishi na jamaa asiyejua hali yake. Akiacha dawa kwa majuma machache virusi huzaliana upya. Akimeza leo na kuacha kesho, virusi huweza kuzoea dawa, ikabidi ahamishiwe nyingine ambazo ni chache na ghali zaidi. Kwa hivyo uji wa Jumamosi na rafiki wa kumwuliza "umemeza?" ni sehemu ya matibabu.

Nilifungua faili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha za watoto 12, majina yao kamili, shule wanazosoma, na chini yake maelezo kwamba wote wana virusi.

Niliuchomoa ukurasa huo kabla ya kusoma neno lingine. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila idhini, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022 zimekaza kamba zaidi. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwepo, hebu fikiria, msomaji, safari ya karatasi ile. Ilichapwa katika duka la kompyuta karibu na steji, nakala zikatolewa dukani papo hapo, kisha ikapita katika ofisi mbili ambazo hazikujibu hata barua. Ni nani ajuaye iko wapi leo? Mtoto mmoja kati ya wale 12 yuko shule ya sekondari. Wenzake wakiiona, huenda asirudi shuleni wala kliniki.

"Tulidhani wakiona nyuso watatuhurumia," akasema mwekahazina kwa sauti ya chini.

Sikumlaumu. Kwa miaka mingi wafadhili wenyewe ndio waliotuzoesha kuuza nyuso za watoto. Siku hizi wengi wao hutaka kinyume chake. Huuliza kama kikundi kina sera iliyoandikwa ya kuwalinda watoto, na kama kila anayekaa na watoto hao amepata hati ya mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Vijana wangu hawakuwa na hata moja. Niliwatuma Huduma Centre ya pale GPO wakachukuliwe alama za vidole.

Ukurasa wa tatu waliomba gari. Hapo nilicheka, nao wakashangaa. Nilicheka kwa sababu miaka kadhaa iliyopita, nikiwa daktari wa kujitolea katika zahanati moja ndogo upande wa Dagoretti, mimi mwenyewe niliandika ombi la gari. Zahanati ya jirani ilikuwa imepewa, basi nasi tukaona tusibaki nyuma. Mjumbe wa mfadhili alikuja, akanywa chai, kisha akamwuliza muuguzi mwezi uliopita tulitibu watoto wangapi. Muuguzi akanitazama mimi. Nami nikatazama dari. Gari hatukupata, na hatukustahili.

Hilo ndilo kosa ninaloliona katika maombi mengi ninayoletewa, nalo ni kosa ambalo daktari angepaswa kuwa wa mwisho kulifanya. Mwombaji huandika dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Huanza na gari, ofisi, kompyuta na posho za semina, halafu hutafuta shida ya kuvihalalisha. Au hujaza kurasa kwa takwimu za nchi nzima ambazo mfadhili anazo tayari mezani. Asichokuwa nacho ni habari za kijiji chako.

Nao vijana hawa walikuwa nazo! Katika mkoba wa katibu mlikuwa na daftari la shule lililokunjamana. Humo aliandika kila Jumamosi nani amekuja, nani amekosa, na sababu. Hakuwa ameliona kuwa na maana. Tuliketi tukahesabu. Kati ya watoto 40, watoto 31 walihudhuria bila kukosa sana. Tisa walikuwa wakipotea, na saba kati ya hao tisa walitoka Kangemi na Uthiru. Sababu iliyorudiwa zaidi ilikuwa neno moja: nauli.

Basi gari likafutwa. Ombi jipya ni la shilingi 40,000 kwa mwezi: 9,000 za uji na matunda, 8,000 za nauli ya watoto wa mbali na ya siku za kliniki, 18,000 za posho ya vijana watatu, na 5,000 za simu, uandishi na ukaguzi wa hesabu. Kwa mwaka ni shilingi 480,000. Lengo ni kwamba wale tisa wahudhurie kama wenzao, na daftari litaonyesha kama limefikiwa.

Kuhusu vyeti sitasema mengi. Kikundi kidogo si lazima kijisajili kama shirika kubwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024. Watu 10 au zaidi wanaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, na kwa ruzuku ndogo cheti hicho mara nyingi hutosha, pamoja na PIN ya kodi na akaunti ya benki ya kikundi, wala si ya mwenyekiti. Na yeyote mjini atakayekudai ada ili "aachilie" fedha ulizopewa ni tapeli. Mfadhili wa kweli halipwi.

Kilichotusumbua zaidi ni swali la mwisho katika fomu: fedha zikiisha, itakuwaje?

Zamani tulijibu swali hili kwa maneno matamu. Siku hizi si rahisi. Kituo cha Nyumbani kule Karen kilianzishwa mwaka 1992 na Padre Angelo D'Agostino, aliyekuwa pia daktari, wakati watoto wenye virusi walipokuwa wakitupwa. Baadaye kituo hicho kilianza mpango wa Lea Toto huko Kangemi ili watoto watunzwe wakiwa kwao, nao ukaenea mitaa mingine kwa msaada wa USAID. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa ghafla, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Mashirika yenye wahasibu na wakaguzi yaliyumba, sembuse kikundi chenye daftari moja.

Vijana walijadiliana muda mrefu. Mwishowe waliandika kwamba wazazi na walezi watachanga shilingi 20 kila Jumamosi kwa anayeweza. Walitaja mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County, ambao ulipozinduliwa Nairobi mwaka 2023 mzazi alitakiwa kulipa shilingi 5 kwa mlo. Pia waliandika kwamba muuguzi wa zahanati ya umma atashirikishwa tangu mwanzo ili watoto wasipotee kikundi kikivunjika, na kwamba watabisha pia milango ya humu nchini, kama vile wakfu wa KCDF ulioanzishwa 1997 na ule wa Safaricom wa 2003.

Ombi lilipelekwa likiwa na kurasa tisa, bila picha hata moja. Jibu bado. Juma lililopita katibu alinipigia simu kuniambia kwamba wawili kati ya wale tisa wamerudi, baada ya wenzao kuwachangia nauli.