Somo la Sheria: Muda wa Kushtaki Chuo Kikuu

Leo twauliza: kijana wako wa Pugu akikataliwa na chuo kikuu cha umma kwa sababu ya kabila au dini yake, mfanye nini? Ibara ya 13 ya Katiba yakataza ubaguzi huo. Lakini haki nayo ina siku zake. Kwa kanuni za mwaka 2014, anayetaka Mahakama Kuu itengue uamuzi sharti aombe kibali kabla ya miezi 6 kupita. Akipewa kibali, ana siku 14 tu za kuleta maombi yenyewe. Basi, itunzeni barua ya chuo, andikeni tarehe mliyoipokea, na rufani ya chuoni ikatwe mara moja. Kubembeleza hakusimamishi siku. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.