Kabla Hujavaa Mtungi

Nafundisha fizikia Nkololo, wilayani Bariadi, ambako maji mengi tunayoyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Septemba 2018, siku chache baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua watu zaidi ya 200, nilikuwa ubaoni na kidato cha tatu tukisoma kanuni ya Boyle. Redio zilikuwa zimetangaza kwamba wazamiaji wamemtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai, baada ya siku mbili ndani ya chombo kilicholala kichwa chini. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao waliozamia walikuwa wanapumua nini?"

Nikamwambia, hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi.

"Na mtu akiibana kifuani akapanda nayo juu?"

Hesabu niliifanya na jibu likatoka. Lakini moyoni nilijua ninafundisha kitu ambacho sijawahi kukigusa. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wina wake. Nikaanza kuweka akiba. Likizo moja nikajifunza kuogelea Mwanza, kisha Desemba moja nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikavuka kwa boti hadi Unguja, nikaenda Nungwi.

Nungwi ni ncha ya kaskazini ya kisiwa. Maduka ya mbizi yamejipanga kando ya ufuo, na kila asubuhi boti huondoka na wageni kwenda kwenye matumbawe, wengi wakielekea kisiwa cha Mnemba. Duka la kwanza nililoingia sitalitaja. Nilikaribishwa vizuri, nikaambiwa bei kwa dola, nikahakikishiwa kuwa baada ya saa mbili nitakuwa chini ya maji. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kuugua, nami utotoni nilikuwa na pumu. Somo lilikuwa la robo saa mchangani. Tulipanda boti wageni saba na kiongozi mmoja.

Tulikuwa tumeshuka kama mita tatu maji yalipoanza kuingia kwenye miwani yangu. Kiongozi akanitazama kuniuliza hali. Nikamwonyesha dole gumba, kama tunavyofanya huku kwetu kusema "niko sawa". Chini ya maji, dole gumba la juu maana yake ni "napanda". Akanishika mkono tukapanda, na mimi, kwa hofu, nikabana pumzi hadi juu.

Sikuumia, lakini usiku ule sikulala, kwa sababu hesabu ya yule binti ilikuwa imenirudia. Juu ya bahari tunabanwa na uzito wa hewa, tuuite kanieneo moja. Ukishuka mita 10 huwa mbili, mita 20 huwa tatu. Hewa uliyoivuta ukiwa mita 10, ukipanda nayo bila kuitoa, hutaka nafasi mara mbili, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hata kina kidogo kama kile changu kinatosha kuyachana. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mbizi ni fupi: usibane pumzi hata mara moja. Mimi nilifundisha hesabu yake miaka mingi ubaoni, na siku niliyoihitaji hakuna aliyenikumbusha.

Asubuhi nikaenda duka jingine. Kijana wa pale Nungwi akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," akanipa karatasi ya maswali ya afya kabla hajataja bei. Nikaweka alama kwenye pumu. Akaisoma, akasema kwa upole, "Hapa mwalimu, hatushuki mpaka daktari aandike." Nilikasirika kidogo, maana siku nzima ilipotea kwenda mjini na kurudi. Leo naiheshimu siku ile kuliko zote nilizokaa kisiwani.

Tulianza na kuogelea mita 200 bila haraka, kisha kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Halafu siku mbili kwenye maji ya kifuani. Alinipigisha magoti chini, akaniambia nijaze maji kwenye miwani kwa makusudi, hadi yafike machoni. Nikafumba macho, chumvi ikawasha pua, mwili mzima ukitaka kukimbilia juu. Ukibonyeza fremu ya juu kwenye paji la uso, ukatazama juu na kupuliza kwa pua taratibu, maji hutokea chini ya miwani. Mara ya nne niliweza. Mara ya kumi nilikuwa nimetulia.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini kila jambo alinieleza tena kwa Kiswahili. Nawasihi wenzangu wasione aibu kulidai hili. Mtu akishikwa na hofu, akili hukimbilia lugha ya nyumbani, na agizo usilolielewa mara moja chini ya maji halikusaidii.

Kisha zikaja mbizi nne za baharini, mwisho mita 18, ndicho kina cha cheti cha mwanzo. Siku ya tatu alishuka na chupa tupu ya maji ya kunywa, imefungwa kizibo. Mita 10 ilikuwa imebonyea karibu nusu, ikigonga mapezi yangu. Tulipopanda, ikanyooka tena mbele ya macho yangu, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi.

Kuna hatari ya pili, isiyoonekana. Hewa tunayopumua sehemu kubwa ni naitrojeni, na ukikaa chini nyingi huingia kwenye damu na nyama. Ukipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kupanda salama baada ya kuwajaribu mbuzi ndani ya chumba cha kanieneo. Mimi niliyekua nikichunga mbuzi nilirudia kusoma habari hiyo mara mbili. Ndiyo maana tunapanda polepole na kusimama mita tano kwa dakika tatu.

Siku ya mwisho kijana yule aliuliza swali nisilolitarajia: "Mwalimu, unarudi kwenu kwa njia gani?" Wanaopanda ndege husubiri saa 18 au zaidi. Mimi nilikuwa wa basi, lakini basi la Bariadi hupita Dodoma na Singida, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapovu hupata nafasi. Akanishauri nipumzike kwanza. Akaongeza kwamba hata Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 juu ya bahari, huzamiwa kwa hesabu tofauti na za Nungwi. Hapo nikawakumbuka waliozamia Ukara.

Leo wanafunzi wangu wa zamani wanaofanya kazi Zanzibar na Mafia hunipigia simu kuuliza duka gani liko vizuri. Siwatajii jina. Nawaambia waombe kadi ya mwalimu, kwa sababu mashirika ya mbizi kama PADI na SSI huweza kuthibitisha namba yake. Waulize mwalimu mmoja anachukua watu wangapi. Kwenye mafunzo ya baharini ya cheti cha mwanzo, PADI hairuhusu zaidi ya wanane kwa mwalimu asiye na msaidizi, na wachache ni bora. Waombe kuonyeshwa mtungi wa oksijeni ya dharura uliomo ndani ya boti. Waulize kama bei imejumlisha kitabu, cheti na boti.

Kisha nawaambia wakae kimya kidogo, wasikilize duka linawauliza nini. Likitaka kujua afya yako, uwezo wako wa kuogelea na barabara utakayorudia, hapo toa pesa. Likiuliza pesa peke yake, shukuru, uage.